Biskuti za Nyumbani Mwaka Mzima: Mwongozo Kamili wa Kuoka Kaskazi, Masika na Kipupwe

Malalamiko ni yaleyale kila mwaka. Mtu anaoka Julai, biskuti zinatoka nzuri. Anarudia vilevile Februari, zinatambaa trei nzima na kushikana zikawa kipande kimoja. Mwingine zake zimetoka kavu kabisa jioni, kufika asubuhi zimelegea. Wa tatu chini zimeungua, juu bado nyeupe. Wote watatu wanailaumu resipi, wanatafuta nyingine, na hiyo nyingine nayo inawaangusha.

Resipi nyingi hazina kosa. Kinachobadilika ni joto la jikoni na unyevu wa hewa, na hayo mawili resipi haiyataji, kwa kuwa nyingi zimeandikwa kwa jiko la nchi baridi ambako siagi iliyokaa mezani bado ni ngumu kidogo. Siagi iliyokaa mezani Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo hapa tutashika pishi moja la msingi, tulielewe, halafu tuone cha kubadilisha msimu ukibadilika.

## Vifaa

- Mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kama utanunua kifaa kimoja tu, nunua hiki. Kikombe cha unga uliochekechwa huwa na gramu 120 hivi. Kikombe hichohicho ukichota kwa kushindilia kinafika 150 na zaidi. Tofauti hiyo peke yake inatosha kukupa biskuti ngumu.
- Trei mbili bapa, za alumini inayong'aa kama una nafasi ya kuchagua. Trei nyeusi hunyonya joto haraka, chini huungua mapema.
- Karatasi ya kuokea. Ukikosa, paka trei samli nyembamba sana na unyunyizie unga. Usilowanishe trei kwa mafuta. Biskuti zitateleza na kutanuka.
- Chekeche, bakuli kubwa, mwiko na uma.
- Wavu wa kupozea. Wavu wa kuchomea nyama uliosuguliwa ukatakata unafanya kazi hiyohiyo.
- Makopo madogo yenye mifuniko inayobana. Madogo, si moja kubwa. Sababu iko mbele.
- Oveni, au jiko la mkaa na sufuria nzito yenye mfuniko bapa.

## Mahitaji (biskuti 40 hivi, kila moja gramu 15)

- Unga wa ngano mweupe, gramu 300
- Siagi, gramu 200
- Sukari ya kusaga, gramu 100
- Kiini cha yai, 1
- Iliki iliyosagwa, kijiko 1 cha chai
- Chumvi, robo kijiko cha chai (siagi ikiwa na chumvi, acha)

Unaona uwiano: tatu za unga, mbili za mafuta, moja ya sukari. Ukiukariri huo huhitaji karatasi tena.

Utaona pia hakuna beking pauda, na wapenzi wake mtaniwia radhi. Biskuti hizi husimama kwa mafuta, siyo kwa kuumuka. Beking pauda huzivimbisha na kuzifanya zitanuke, na donge likishakuwa na joto, inakuwa imelisukuma zaidi. Kwenye nankhatai, zile biskuti za samli, inahitajika kidogo, tutafika huko.

### Dukani angalia vitu vitatu

Mafuta. Soma lebo. Unataka siagi au majarini yenye mafuta asilimia 80 au karibu na hapo. Majarini nyepesi za kupaka mkate zina maji mengi, na maji hayo yakikutana na unga biskuti hugeuka ngumu, kisha hulegea haraka kwenye kopo. Majarini inayouzwa rafuni, nje ya friji, huvumilia joto kuliko siagi ya maziwa, ingawa kwa ladha siagi ya maziwa haina mpinzani.

Sukari. Sukari yetu ya kawaida ina chembe kubwa. Haiwahi kuyeyuka ndani ya donge lenye maji machache, kwa hiyo utaitafuna, na pale chembe ilipo biskuti inatoboka na kubabuka. Isage kwenye blenda kavu au uitwange, kisha uichekeche. Pima baada ya kusaga.

Unga. Chukua wa kawaida. Epuka pakiti za unga uliokwisha kuchanganywa na beking pauda.

## Hatua ya 1: Pima joto la siagi kabla ya chochote

Hapa ndipo wengi wanapofeli, tena wanafeli kabla hawajagusa unga.

Siagi inayofaa kupigwa iko kwenye nyuzi joto 18 hadi 20. Ikifika 30 na kitu, imeanza kuyeyuka. Ukiipiga hivyo haishiki hewa, na ukiioka itamwagika kabla unga haujapata muda wa kukauka na kushika umbo.

Kama huna kipimajoto, tumia kidole. Bonyeza katikati ya kipande. Kidole kikizama kwa kusukuma kidogo, kikaacha shimo lenye kingo safi, na ukikiangalia haking'ai mafuta, siagi iko tayari. Kikizama chenyewe na kutoka kinang'aa, irudishe kwenye friji dakika 15. Isipobonyea kabisa, ikatekate vipande vidogo uisubiri.

Onyo: usiyeyushe siagi jikoni eti uokoe muda. Siagi iliyoyeyushwa ikaganda tena hairudi kuwa ileile. Hewa haiingii na donge linatoka zito.

## Hatua ya 2: Piga siagi na sukari, lakini usizidishe

Piga kwa mwiko dakika 4 au 5, kwa mashine dakika 2. Chembe za sukari zinachimba vijishimo vya hewa ndani ya mafuta, na vijishimo hivyo ndivyo vinavyoifanya biskuti ivunjike kwa wepesi mdomoni.

Wapishi wa keki wana tabia ya kupiga mpaka mchanganyiko uvimbe na uwe mweupe pe. Kwa biskuti huo ni uzidishaji. Hewa nyingi mno huvimba kwenye moto, kisha huporomoka, na biskuti inalala. Tena kwenye kaskazi kila dakika ya kupiga inaongeza joto.

Imekaa sawa: rangi imefifia kidogo, mchanganyiko ni laini, na bado unasimama kwenye mwiko bila kuteleza.

## Hatua ya 3: Kiini na viungo

Tia kiini, iliki na chumvi, changanya mpaka vipotee. Ute weka kando. Utaupikia kitu kingine. Karibu wote ni maji, na maji huamsha ule mvutano wa unga wa ngano tunaoutaka kwenye chapati na kuukataa hapa.

Iliki twanga mwenyewe ukiweza. Ya kopo iliyokaa rafuni miezi mingi utatia vijiko vitatu usiisikie.

## Hatua ya 4: Unga uingie kwa upole

Chekecha unga juu ya mchanganyiko, mara mbili au tatu, ukigeuza kwa mwiko. Ukimaliza, kusanya kwa ncha za vidole.

Neno la kushika hapa ni kukusanya. Mkono uliozoea chapati ukishika donge huanza kukanda wenyewe, unasukuma kwa kiganja, unakunja, unasukuma tena. Uzuie. Kukanda kunaunda nyuzi ndani ya unga, na ndizo zinazofanya chapati ivutike. Kwenye biskuti nyuzi hizo zinakupa kitu cha kuguguna. Isitoshe kiganja kina joto kuliko vidole, kinayeyusha siagi.

Imekaa sawa: chukua kiasi, fumbata ngumi, fumbua. Donge limeshikana, lina alama za vidole, na halijaacha mafuta mkononi. Likimeguka kama mchanga, tia kijiko kimoja cha chai cha maziwa baridi, siyo zaidi. Likinata, usikimbilie kuongeza unga. Tatizo ni joto, na dawa yake ni hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Lipumzishe donge kwenye baridi

Lifunge kwa nailoni au kwenye chombo chenye mfuniko, liwe bapa kiasi cha unene wa vidole viwili ili lipoe sawasawa. Friji dakika 30 wakati wa kipupwe, saa moja wakati wa joto.

Kuna faida mbili. Siagi inaganda tena, kwa hiyo itachelewa kumwagika kwenye oveni na umbo litapata nafasi ya kushika. Na unga unanyonya ule unyevu mdogo uliomo, donge linakuwa jepesi kushikika.

Huna friji, au umeme umekatika? Nunua barafu ya mfuko dukani. Weka donge kwenye bakuli la bati, bakuli ulikalishe ndani ya beseni lenye barafu na maji kidogo, funika kwa kitambaa kilichokunjwa. Dakika 40 zinatosha. Angalia maji yasipande yakaingia kwenye donge.

Imekaa sawa: donge ni gumu kwa nje, ukibonyeza kwa nguvu linakubali bila kupasuka.

## Hatua ya 6: Tengeneza maumbo

Toa nusu ya donge, nusu ibaki kwenye baridi. Viringisha vidonge vya gramu 15, vinakaribia ukubwa wa ndimu changa. Pima vitatu vinne vya kwanza kwenye mizani, mkono utashika. Vikitofautiana, vidogo vitaungua vikubwa vikiwa vibichi.

Panga kwenye trei kwa nafasi ya sentimita 4, bonyeza kwa uma uliochovywa kwenye unga.

Wanaotumia mashine ya kukamua biskuti, ile yenye visahani vya maua, msipumzishe donge mpaka liwe gumu, halitapita. Kamueni likiwa laini, moja kwa moja kwenye trei isiyo na karatasi wala mafuta ili liishike, kisha ingizeni trei nzima kwenye friji dakika 20 kabla ya kuoka.

Onyo: usipange biskuti kwenye trei iliyotoka motoni. Siagi inaanza kuyeyuka kabla haijafika oveni, na mzunguko wa pili unatoka bapa wakati wa kwanza ulikuwa mzuri. Ndiyo maana tumesema trei mbili. Ukiwa nayo moja, imwagie maji ya baridi kwa nyuma, ifute ikauke.

## Hatua ya 7: Oka

### Kwa oveni

Washa mapema, dakika 15 hadi 20, iwe nyuzi 170. Weka trei katikati. Biskuti za gramu 15 huchukua dakika 13 hadi 16.

Lakini namba za joto zilizoandikwa kwenye oveni haziaminiki. Jaribu hivi: weka kijiko cha chai cha sukari nyeupe juu ya kipande cha foili, weka oveni 175, subiri dakika 15. Sukari huyeyuka kwenye nyuzi 186 hivi, kwa hiyo isiyeyuke. Ikiyeyuka, oveni yako ina moto kuliko inavyosema. Kisha panda mpaka 190 na usubiri dakika 15 nyingine. Sasa inapaswa kuyeyuka. Isipoyeyuka, oveni ina ubaridi. Ukishajua, andika kwenye kipande cha karatasi ubandike ukutani.

Majiko ya gesi yenye oveni chini yana moto wa chini pekee mara nyingi. Weka trei tupu kwenye rafu ya chini kabisa iwe ngao, biskuti ziende rafu ya juu ya katikati.

### Kwa jiko la mkaa

Inawezekana, na wanaojua wanaoka biskuti ambazo huwezi kutofautisha. Siri ni kugawa makaa: juu zaidi kuliko chini.

1. Fanya kazi nje au barazani penye hewa. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua.
2. Washa mkaa mpaka uwe mwekundu, usiwe na moshi. Moshi unaingia kwenye siagi na hautoki.
3. Weka sufuria nzito jikoni, ndani tandaza mchanga mkavu safi unene wa kidole, au kalisha kitegemeo cha chuma cha kubebea trei. Trei isiguse kitako cha sufuria.
4. Acha chini makaa machache tu, kama theluthi moja. Theluthi mbili palia juu ya mfuniko. Joto la chini linapanda moja kwa moja kwenye trei. La juu lina safari ndefu, ndiyo maana linahitaji makaa mengi.
5. Funika, acha ipate moto dakika 15. Pima: weka kijiko cha unga kwenye kisahani cha bati, funika dakika 5. Unga ukiwa na rangi ya dhahabu, moto ni wa wastani, endelea. Ukiwa wa kahawia iliyokoza, ondoa makaa. Ukibaki mweupe, ongeza.
6. Ingiza biskuti 8 hadi 10 kwa mkupuo. Usifunue kabla ya dakika 10. Ukifunua, nyanyua mfuniko wima. Majivu yakimwagika ndani hayaokotwi.

### Oka moja kwanza

Kwa oveni au mkaa, kabla ya kuingiza trei nzima, oka biskuti moja. Ikitambaa, rudisha donge kwenye baridi. Ikiendelea kutambaa, ongeza unga kijiko kimoja cha chakula. Isipotanuka kabisa na ikapasuka kingoni, donge ni baridi mno au unga umezidi. Biskuti moja ikiharibika umepoteza gramu 15. Watu wengi hawafanyi hivi kwa sababu wana haraka, kisha wanapoteza trei nzima.

Imekaa sawa: kingo zimeanza kupata rangi ya dhahabu, katikati bado nyeupe na ukigusa ni laini. Usingoje zikauke kwenye moto. Joto lililobaki ndani ya biskuti na trei linaendelea kupika baada ya kuzitoa.

## Hatua ya 8: Zipoze mpaka ndani

Ziache kwenye trei dakika 5, zikiwa moto zinavunjika ovyo. Kisha hamishia kwenye wavu, zikae saa moja au zaidi.

Usizifunike wala usizitie kopo zikiwa na uvuguvugu. Mvuke unaotoka hauna pa kwenda, unarudi kwenye biskuti. Kwenye kila malalamiko ya biskuti kulegea usiku mmoja, swali la kwanza kuuliza ni hili: zilitiwa kopo zikiwa moto?

Imekaa sawa: vunja moja. Ilie kacha, ivunjike safi, na ndani pasiwe na mstari wenye giza wa unga mbichi.

## Hatua ya 9: Hifadhi

Biskuti ina unyevu mdogo kuliko hewa ya pwani, kwa hiyo hewa inaipa unyevu kila ukifungua kopo. Gawa kwenye makopo madogo, ufungue moja, likiisha ndipo uende la pili. Kopo kubwa linalofunguliwa na watoto kutwa halidumu hata masika haijashika.

Usichanganye kopo moja biskuti kavu na keki au biskuti zenye jemu. Unyevu unahama.

Kufungia mchele kwenye kitambaa na kuutia ndani ya kopo kunasaidia kidogo tu. Mfuniko unaobana ndio wenye kazi. Na zikilegea usizitupe: oveni nyuzi 150, dakika 5, zipoe kabisa juu ya wavu. Zitarudi.

## Msimu ukibadilika

Kaskazi, Desemba hadi Machi. Adui ni joto. Oka alfajiri, kabla jua halijachoma paa la bati. Baridisha bakuli na hata unga wenyewe kwenye friji. Badala ya siagi yote gramu 200, tumia siagi 150 na mafuta ya mgando ya kupikia, aina ya Kimbo, gramu 40. Haya huchelewa kuyeyuka, biskuti hushika umbo. Utapoteza ladha kidogo, ongeza iliki. Kila trei iingie friji dakika 10 kabla ya moto.

Masika, Machi hadi Mei. Joto limepungua, hewa imejaa maji. Pishi halibadiliki sana. Kinachobadilika ni mwisho. Shusha oveni hadi 160 na uongeze dakika 3, biskuti zikauke zaidi bila kuungua. Saga sukari siku hiyohiyo, kwa maana iliyosagwa ikikaa hugandamana. Fungua pakiti mpya ya unga, au ule wa zamani uchekeche mara mbili. Mvua ikinyesha kutwa, oka kidogokidogo, za siku tatu nne.

Kipupwe, Juni hadi Agosti. Msimu mwepesi kuliko yote. Siagi inatii, donge linapumzika dakika 30, makopo yanakaa. Kama ndiyo kwanza unajifunza, anza sasa. Ni wakati mzuri wa maumbo ya kukata kwa vikato, ambayo Februari ni mateso. Hatari pekee ni kuacha siagi ngumu ukadhani imelainika.

Vuli, Oktoba hadi Desemba. Siku moja kaskazi, siku moja masika. Rudi kwenye kidole cha Hatua ya 1 na ufuate hali ya siku.

Nyanda za juu. Aliye Njombe, Mbeya au Nairobi, kwenye mita takriban 1,800 kutoka usawa wa bahari, ana shida tofauti. Julai siagi ni jiwe. Iweke juu ya bakuli la maji ya vuguvugu, siyo ndani. Hewa huko ni nyepesi na gesi ya beking pauda huvimba zaidi, kwa hiyo kwenye pishi lenye beking pauda punguza robo.

Jambo moja la waokaji wa Idi. Kalenda ya mwezi hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Idi el Fitri ya 2017 iliangukia mwishoni mwa Juni, kipupwe. Ya 2024 ikaangukia Aprili, katikati ya masika. Na miaka inayokuja inaelekea ndani kabisa ya kaskazi. Kwa hiyo shangazi anayesema "mbona zamani zilikuwa hazilali" anasema kweli. Zamani yake ilikuwa na upepo wa kusi.

## Ukitaka kubadilisha ladha

Nankhatai. Unga gramu 220, suji 30, samli 150, sukari ya kusaga 120, beking pauda nusu kijiko cha chai, iliki. Samli iwe imeganda na chembechembe. Februari huwa maji, iingize friji kwanza. Piga samli na sukari, tia vikavu, kusanya, viringisha, bonyeza katikati na utie kipande cha lozi. Oka nyuzi 160, dakika 18 hadi 20. Hizi zinatakiwa kupasuka juu na kubaki nyeupe. Zikipata rangi juu umechelewa. Kwa kuwa samli haina maji, ndizo zinazovumilia kopo kuliko zote, hata masika.

Nazi. Ondoa gramu 60 za unga, tia nazi kavu iliyokunwa gramu 60. Nazi mbichi haifai hivihivi, ina maji. Machicha yaliyobaki baada ya kukamua tui yanafaa sana: yakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka yakauke na kuanza kunukia, yapoe, ndipo yaingie.

Korosho. Nunua zilizovunjika, ni bei ndogo na utazikatakata hata hivyo. Gramu 80, zikaangwe kidogo kwanza.

Tangawizi. Ya unga, vijiko viwili vya chai badala ya iliki. Tangawizi mbichi italeta maji.

## Zikikataa

Zimetambaa: siagi ilikuwa laini mno, trei ilikuwa moto, au oveni haikuwa imepata joto. Tafuta kwa mpangilio huo.

Ngumu: umekanda, au unga umezidi kwa kupima na kikombe.

Chini nyeusi juu nyeupe: moto wa chini. Panda rafu, weka ngao, au hamisha makaa.

Zinameguka ukizishika: hazijapoa, au sukari na mafuta vimezidi unga. Rudi kwenye tatu, mbili, moja.

Zina harufu ya mayai: umetia yai zima. Kiini peke yake, na iliki isiwe ya zamani.

## Donge la akiba

Anayetaka biskuti mwaka mzima bila kuchafua jiko kila wiki atengeneze donge la mara mbili wakati wa kipupwe. Liviringishe liwe magogo ya unene wa sentimita 4, yafunge kwa karatasi ya kuokea kisha nailoni mara mbili, andika tarehe, tia friza. Hukaa miezi 2 hadi 3.

Wageni wakipiga hodi, washa oveni, toa gogo, liache dakika 5 mezani, kata vipande vya unene wa sentimita moja kwa kisu chenye makali. Usingoje liyeyuke, ziingie motoni zikiwa bado zimeganda, na uongeze dakika 2 kwenye muda wa kawaida. Umeme ukikatika ukawa wa kutwa na magogo yakalainika, yaoke yote siku hiyo, usiyagandishe upya.